Mgongo husema kabla ya mguu

Nikiitwa kukata kwato kwenye banda nisilolijua, mwenye ng'ombe hunipeleka moja kwa moja kwa wale wanaochechemea. Mimi huomba kwanza wapite mbele yangu wote, mmoja mmoja, kwenye sakafu isiyoteleza, ikiwezekana wakitoka kukamuliwa. Naangalia mgongo. Ng'ombe mzima mgongo wake umenyooka akisimama, umenyooka akitembea. Anayenyooka akisimama lakini akaupinda mara tu anapopiga hatua ameshaanza kuumia, hata kama hatua zake bado zinalingana. Huyo ana alama 2 katika kipimo cha 1 hadi 5. Kwenye 3 mgongo umepinda hata akiwa amesimama, na hatua zimefupika. Wa 4 anauonea mguu wake huruma waziwazi. Wa 5 hataki kuukanyagia kabisa. Wafugaji wengi huanza kuhesabu kwenye 4, ndiyo maana hesabu yao na yangu hazipatani. Siwalaumu: ng'ombe hujikaza, na anayemwona kila siku huuzoea mwendo wake.

Mguu ninaoinua kwanza ni wa nyuma, na ninaanzia ukwato wa nje, maana ndio unaobeba uzito mwingi zaidi. Nakwangua wayo kidogo, na pale unapokutana na kisigino, upande unaotazamana na ukwato mwenzake, hutokea doa jekundu la ukubwa wa harage. Nikilibonyeza kwa kidole gumba, anauvuta mguu. Kidonda kiko njiani.

Damu ile haikuvuja jana. Wayo hukua polepole kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo doa la leo ni habari ya miezi miwili hivi iliyopita. Rudisha hesabu nyuma, na mara nyingi utaangukia kwenye siku za kuzaa. Wakati huo tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato hulegea, na ng'ombe akikonda baada ya kuzaa, mto wa mafuta ulio chini ya mfupa nao hupungua. Mfupa unashuka na kuiminya nyama hai iliyo juu ya wayo. Saa nyingi za kusimama kwenye zege huzidisha hali hiyo. Ng'ombe wa maziwa anahitaji kujilaza chini karibu saa 12 kwa siku, kwa hiyo kabla sijauliza anakula nini, nauliza analala wapi.

Kidonda cha namna hii hakihitaji antibiotiki bali nafuu ya uzito. Nagundisha kibao chini ya ukwato mzima ili ule mgonjwa usiguse chini, na daktari wa mifugo anampa dawa ya maumivu. Zamani nilipenda wayo uliokwanguliwa ukawa mweupe pe, nikawaumiza ng'ombe kwa usafi wangu. Wayo unaobonyea kwa kidole umeshakatwa mno. Acha angalau milimita 5.

Kwa maambukizi, mambo hubadilika. Ukiona uvimbe uliolingana pande zote mbili juu ya kwato, pamoja na ile harufu ambayo pua haiisahau, kwato zinaoza, na hapo sindano ya antibiotiki inafaa, tena mapema. Kidonda chekundu cha mviringo nyuma ya mguu, juu kidogo ya visigino, ni ugonjwa mwingine, ulioelezwa mara ya kwanza Italia mwaka 1974. Huo hutibiwa kwa dawa ya kupaka. Josho la miguu lenye mrututu (chumvi ya shaba) wa asilimia 5 huuzuia usienee, mradi liwe na urefu wa mita 3 hivi na kina cha sentimita 10. Likijaa mavi halina kazi tena. Na maji yake yasimwagwe malishoni, hasa kama kuna kondoo: shaba huwadhuru kwa urahisi.

Yote haya naandika daftarini: namba ya ng'ombe, mguu, ukwato, aina ya kidonda, tarehe aliyozaa. Katika shamba moja, madoa karibu yote yalikuwa ya mitamba wa uzao wa kwanza. Kumbe walikuwa wakihamishwa kutoka malishoni hadi kwenye zege wiki ileile ya kuzaa. Sasa huingizwa bandani wiki kadhaa kabla, na kundi linalofuata nitalikagua miezi miwili baada ya kuzaa.