Ati wakimbizi wa Kakuma wanakula bure tu?

Kila stori ya Kakuma, ile kambi ya wakimbizi huko Turkana, Kenya, ikitokea lazima kuna mtu aseme "hao wanakula bure na sisi tunalipa ushuru". Hebu tulia kidogo. Chakula kile kinatoka WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na WFP wanategemea michango ya nchi wafadhili, ikipungua na mgao unakatwa, na umekatwa sana miaka hii. Halafu sio gunia peke yake, 2015 ilianza Bamba Chakula, yaani hela ilikuwa inaingia kwa simu na mtu ananunua chakula kwa duka lililosajiliwa, so pesa ilikuwa inazunguka hapo hapo Turkana.

Na ati wanakaa tu bila kazi? Ripoti ya 2018 ya IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi, ilihesabu biashara zaidi ya 2,000 kambini, Waethiopia na hoteli zao, Wasomali na maduka ya jumla, Mkongo anakushonea kitenge huku mama wa Kiturkana ako nje na mkaa wake anangoja kubadilishana na unga. Mwalimu mkimbizi anafundisha darasa limejaa mpaka mlangoni lakini halipwi kama Mkenya, anapewa kaposho, na akitaka kuja Nairobi kutafuta kazi lazima kwanza apate kibali cha kusafiri. Sasa huyo ni mvivu ama amefungiwa mlango?

Kambi ilianza 1992, kuna waliozaliwa pale na tayari wana watoto wao. Hata mwanariadha mkimbizi Rose Nathike Lokonyen alianzia mbio hapo hapo, 2016 akabeba bendera ya timu ya wakimbizi kwa Olimpiki ya Rio.