Chembe ya moyo: ni tumbo au ni moyo wenyewe? Maswali ya watu wa Kigoma

Kiswahili chenyewe kimetutegea hapa. Pale chini ya mfupa wa kifua, mbavu zinapokutana, tunapaita chembe ya moyo, lakini mtu akisema chembe ya moyo inamuuma, nyumba nzima inasikia tumbo. Anapewa maziwa, anapewa tembe za magnesiamu, anaambiwa aache maharage. Mimi ni tabibu hapa Kigoma. Maswali haya nimeulizwa na wagonjwa na ndugu zao, machache ndani ya chumba cha daktari, mengi kwenye benchi la kusubiri na misibani.

Nimetibiwa vidonda vya tumbo miaka miwili, dawa nameza, lakini chembe ya moyo bado inabana. Inawezekana si vidonda?

Inawezekana. Kwa mtu wa namna hii, kabla sijauliza panauma wapi, nauliza panauma saa ngapi na akiwa anafanya nini. Vidonda vina ratiba ya chakula: vinauma ukiwa na njaa, usiku wa manane, au baada ya kula. Moyo unafuata kazi. Ukipanda mlima unabana, ukisimama unaachia ndani ya dakika chache, ukianza tena kupanda unarudi palepale.

Kuna mzee mmoja, mvuvi aliyeacha ziwa, alikuwa akipanda barabara ya Lumumba kutoka stesheni kwenda Mwanga kila asubuhi. Kwa miezi kadhaa alikuwa akisimama chini ya mwembe uleule, anatoa simu, anajifanya anaangalia salio. Mwanawe wa kike ndiye aliyeshtuka: salio gani hilo linaangaliwa kila siku mahali pamoja? Alipoletwa kwetu nilimwomba anionyeshe panapobana. Hakunyoosha kidole, aliweka ngumi katikati ya kifua. Mfukoni alikuwa na tembe za kutafuna. "Nikitafuna hii inatulia, mwanangu," aliniambia. Ilikuwa inatulia kwa sababu alikuwa amesimama.

Si kila moyo unaonyesha dalili wazi hivyo. Baadhi ya wanawake, wazee sana, na wenye kisukari wanaweza wasisikie maumivu ya kifua kabisa. Wanachosikia ni pumzi kukata, uchovu usio na sababu, kichefuchefu, au taya na mkono kuuma. Mwenye kisukari asisubiri kifua kiume ndipo aamini.

Ndani ya kifua kunakuwa kumetokea nini?

Moyo umejaa damu muda wote, lakini nyama yake hailishwi na damu ile inayopita ndani. Inalishwa na mishipa yake midogo inayochipuka kwenye mshipa mkuu na kuuzunguka moyo kwa nje. Ni kama mama wa Ujiji anayeliona ziwa kutoka mlangoni na bado anasubiri maji ya bomba. Mishipa hiyo ikijaa utando wa mafuta kwenye kuta zake, kazi iliyochukua miaka mingi kimyakimya, njia inakuwa nyembamba. Mara nyingi dalili za kubana wakati wa kazi huanza njia ikishapungua kwa kiasi cha asilimia 70.

Mshtuko wa moyo ni jambo jingine. Hapo utando unapasuka, damu inaganda juu yake, na mshipa unaziba ghafla. Mara nyingi utando unaopasuka si ule mkubwa kuliko yote, ndiyo maana mtu aliyecheza bao jana bila shida anaweza kuanguka leo.

Nilipimwa ECG ikasoma kawaida, nikaambiwa moyo mzima. Mbona bado nabanwa?

Swali hili naliulizwa kuliko yote, na ndipo wagonjwa wengi wanapopotea. ECG inarekodi umeme wa moyo kwa sekunde kumi hivi, wewe ukiwa umelala kitandani. Mgonjwa anayebanwa akipanda mlima tu anaweza kupimwa akiwa amepumzika na karatasi ikatoka safi kabisa. Hiyo haina maana kwamba mishipa yake ni mizima. Ina maana kwamba kwa sekunde zile kumi moyo haukuwa unalalamika. Thamani kubwa ya ECG ni pale maumivu yanapokuwa yanaendelea, kwa hiyo ukifika umebanwa, sema "nimebanwa sasa hivi" kabla hata ya kuandikisha jina.

Kama maumivu ni ya ghafla, hupimwa pia damu kuangalia troponini, protini inayovuja kutoka kwenye nyama ya moyo iliyoumia. Nayo inahitaji saa chache kupanda, hivyo kipimo cha kwanza kikiwa kizuri, mtu aliyefika mapema hurudiwa baada ya saa kadhaa. Usikasirike ukichomwa mara ya pili.

Kisha kuna eko, kipimo cha mawimbi ya sauti kama kile cha wajawazito, ila hiki ni cha kifua. Kinaonyesha moyo unavyokunja na kukunjua, valvu zinavyofunga, na sehemu gani ya ukuta imezubaa. Hakionyeshi mishipa yenyewe iliyoziba, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa: "nimefanya eko, hawajaona kitu". Mashaka yakibaki, mgonjwa hutembezwa kwenye mashine huku ECG inasoma, au anapigwa CT ya mishipa ya moyo, au anafanyiwa angiografia.

Kwa mtu wa Kigoma safari huanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, halafu Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Angiografia inafanywa kwenye mtambo unaoitwa Cathlab, na miongoni mwa sehemu zenye mtambo huo ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, kwa hiyo barua ya rufaa iandikwe vizuri tangu huku.

Hiyo ya kupitisha waya mkononi mpaka moyoni inanitisha. Nani aliyethubutu kwanza?

Aliyethubutu alijifanyia mwenyewe. Mwaka 1929 daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, aliingiza mrija kwenye mshipa wa mkono wake, akausukuma hadi moyoni, akatembea kwa miguu yake hadi chumba cha eksirei ili apigwe picha ya ushahidi. Wakubwa wake hawakufurahi. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Siku hizi hutembei popote. Unalala macho, sehemu ya kifundo cha mkono au ya paja inatiwa ganzi, mrija mwembamba unapitishwa kwenye ateri, dawa ya kung'arisha inaingizwa na mishipa inaonekana kwenye skrini. Wengi wanasema walisikia joto la ghafla mwilini, basi. Palipobana hupitishwa puto dogo linalotanua njia, kisha huachwa stenti, wavu mdogo wa chuma unaoshikilia mshipa usijifunge tena. Mishipa mingi ikiwa imeharibika, hasa kwa mwenye kisukari, madaktari wanaweza kupendekeza upasuaji wa kufungua kifua, ambapo mshipa wa mguu au wa kifuani unapandikizwa kama njia ya mchepuko.

Hatari zipo: kutoka damu, mzio, figo kuelemewa na ile dawa ya picha. Kama una ugonjwa wa figo au unameza metifomini ya kisukari, litamke mapema, usingoje kuulizwa.

Na si kila aliyebanwa anahitaji stenti. Wengi wenye maumivu ya mlimani tu hutulia kwa dawa.

Mwanangu, sisi tuko kijijini mwambao wa ziwa. Baba akibanwa usiku tufanye nini?

Mama, kifua kikibana zaidi ya dakika 15, jasho baridi likamtoka, akapauka au akatapika, msisubiri kukuche. Mkalisheni akiwa ameegemea, asitembee hata hatua za kwenda barabarani. Gari au boti limfuate alipo. Kama hana mzio wa aspirini na hatoki damu popote, atafune aspirini ya miligramu 300, au zile ndogo za miligramu 75 nne. Atafune, asimeze nzima, ili ifanye kazi haraka. Lakini kama mdomo umekwenda upande au mkono umepooza, msimpe aspirini kabisa, maana hiyo inaweza kuwa damu imevuja kwenye ubongo.

Maziwa, maji ya chumvi na mafuta ya kuchua kifua wekeni pembeni. Akizimia na hapumui, mlazeni sakafuni, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, kiasi cha mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana mpaka msaada ufike au aanze kupumua.

Haraka yote hii ina sababu. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na hiyo hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze. Katika saa zile mbili tatu za mwanzo ndipo inapookoa nyama nyingi ya moyo. Usiku mmoja wa "tuone asubuhi" unatosha kuimaliza nafasi hiyo.

Jambo moja wanaume hawalisemi mbele ya wake zao: kama amemeza dawa za kuongeza nguvu za kiume, daktari lazima ajue. Dawa ya kuweka chini ya ulimi ya kutanua mishipa ikikutana na hizo, presha inaweza kuanguka vibaya sana.

Dawa hizi nitameza mpaka lini? Sijisikii kuumwa tena.

Nyingi ni za maisha, na hujisikii kuumwa kwa sababu unazimeza. Aspirini ndogo inazuia damu kuganda, atovastatini inashusha lehemu (kolesteroli) na kuutuliza ule utando usipasuke, bisoprololi au atenololi inapunguza kasi ya moyo. Enalaprili au lisinoprili zinashusha presha na kuulinda moyo, ila zinaweza kuleta kikohozi kikavu; ukikipata rudi ubadilishiwe, usiache tu kimya. Aliyewekewa stenti huongezewa klopidogreli, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12. Kuiacha ghafla kunaweza kuziba stenti ndani ya siku chache.

Kitunguu swaumu, tangawizi na ndimu ni viungo vizuri vya mboga. Havizibui mshipa, hata kama aliyekuuzia chupa ana kipaza sauti.

Kwa hiyo mawese tuache?

Nijibu kama mtu anayeyapenda. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale mazito yanayopandisha lehemu mbaya. Alizeti ina kiasi cha asilimia kumi hivi tu. Kwa upande mwingine, mawese mekundu yana karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na watoto wanaihitaji. Sitamwambia mtu wa Kigoma afute mawese kwenye mboga. Namwambia asimimine kutoka kwenye dumu. Apime kwa kijiko, na kama tayari ana ugonjwa wa mishipa ya moyo, ya kila siku yawe alizeti.

Migebuka na dagaa wa ziwa letu hawana kosa. Kosa ni karai la kukaangia lenye mafuta yaliyorudiwa mpaka yakawa meusi, na chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imo ile iliyokwishatiwa kwenye dagaa kabla hawajafika jikoni. Walowekwe, maji yamwagwe.

Sigara hata sibishani nayo: iachwe. Presha inayozidi 140 kwa 90 ikipimwa siku tofauti inahitaji kushughulikiwa, hata kama kichwa hakiumi.

Mke wangu alijifungua miezi miwili iliyopita, sasa amevimba miguu na hawezi kulala chali. Wamesema moyo umetanuka. Ni ugonjwa huohuo?

Hapana. Huo ni udhaifu wa nyama ya moyo unaoweza kuanza mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi mitano hivi baada ya kujifungua. Unatibika, wengi hupata nafuu kubwa, ila mimba nyingine isibebwe kabla ya kushauriana na daktari wa moyo. Moyo hutanuka pia kwa presha ya miaka mingi isiyotibiwa, na kwa valvu zilizoharibika. Kwa watoto wetu valvu huharibiwa na mafindofindo ya bakteria yasiyotibiwa, yanayoleta homa na viungo kuvimba; anayepatikana na ugonjwa huo wa valvu huchomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka. Mtoto anayelalamika koo na homa apimwe.

Nimepewa rufaa kwenda Dar. Nibebe nini?

Barua, kadi ya bima kama unayo, na dawa zako zote ndani ya maboksi yake, siyo zile zilizochanganywa kwenye kikaratasi. Beba ECG ya zamani hata kama ilisoma kawaida, kwa sababu daktari ataifananisha na mpya. Ila karatasi hiyo ni ya aina ileile ya risiti za dukani, joto na jua vinaifuta. Nimewahi kupokea moja iliyokaa kwenye bahasha ya plastiki juu ya kabati, imebaki nyeupe pe, na jina la mgonjwa limeandikwa kwa kalamu pembeni. Itoe kopi stationari siku hiyohiyo uliyopimwa, au ipige picha kwa simu, jina na tarehe vionekane.