Komando hupimwa kwa kazi yake

Barazani Katuba au Kamalondo, hapa Lubumbashi, mabishano ya makomando huanzia kwenye picha ya simu: Mmarekani mwenye miwani ya usiku, Mrusi anayevunja matofali. Kisha vijana wanauliza nani angempiga nani. Swali hilo halipimiki. Vikosi hivi havikuundwa vipigane vyenyewe kwa vyenyewe. Kila kimoja kimechongwa kwa kazi yake, na mchujo wake ndio unaoonyesha ni kazi gani.

SAS ya Uingereza ilianzia jangwani Afrika Kaskazini mwaka 1941. Mchujo wake wa milimani huishia kwa mwendo wa kilomita 64 ndani ya saa 20, mzigo wa zaidi ya kilo 20 mgongoni, kila mtu peke yake na ramani na dira. Wanatafutwa watu wa kukaa porini wanne wanne bila msimamizi. SEAL wa Marekani hupitishwa siku tano na nusu ambamo usingizi wote haufiki saa nne, wakilowana baharini Coronado: hao ni watu wa maji. GIGN ya Ufaransa ni ya kuokoa mateka. Tarehe 26 Desemba 1994, Marseille, waliingia kwenye ndege iliyotekwa, mahali ambapo kutembea kilomita 64 hakumsaidii mtu.

Mfano wa karibu nasi ni Kolwezi, kilomita 300 hivi kutoka hapa Lubumbashi. Waasi wa FNLC, waliopigana na serikali ya Zaire (Kongo ya leo), waliuteka mji tarehe 13 Mei 1978. Tarehe 19, askari wa 2e REP, kikosi cha miavuli cha Lejioni ya Ufaransa, waliurukia. Walikuwa wametoka Korsika bila miavuli yao. Kinshasa wakapewa miavuli ya T-10 ya Kimarekani ya jeshi la Zaire. Kulabu za mifuko yao ya vifaa hazikushika kwenye mikanda ile, wakafunga kwa waya. Hilo si jambo dogo. Mfuko hutakiwa kuachiwa uning'inie kwa kamba kabla miguu haijagusa chini. Ukikwama, mtu hutua na uzito wote na mguu huvunjika. Magari yao yalishushwa na ndege za Marekani hapa hapa Lubumbashi, yakafuata kwa barabara. Tena, jambo linalosahauliwa bila haki: askari wa miavuli wa Zaire, chini ya Meja Mahele, walikuwa wameshaukomboa uwanja wa ndege wa Kolwezi kabla Wafaransa hawajaruka.

Kwa hiyo, ukilinganisha, uliza kwanza nani amewabeba na nani amewapa habari. Entebbe, Uganda, Julai 1976, Waisraeli waliokoa mateka 102 wa ndege iliyotekwa. Jengo la uwanja lilikuwa limejengwa na kampuni ya kwao, na mateka walioachiwa mapema walieleza mambo ya ndani. Iran, Aprili 1980, komando wa Delta wa Marekani waliotumwa kuokoa mateka wa kwao walikuwa wameiva, lakini helikopta zilikuwa 8 na mpango ulidai zisipungue 6. Vumbi na hitilafu za mitambo zikaacha 5. Kazi ikafutwa, na wakati wa kuondoka helikopta moja ikagonga ndege ya mizigo. Wakafa watu 8. Baada ya hapo Marekani haikuongeza mazoezi ya misuli. Iliunda kikosi cha marubani wa helikopta wa kuwarusha makomando usiku.