Mzazi wa operesheni asikandwe tumbo: njia za kupunguza maumivu zaidi ya vidonge

Ndugu zangu wa Moshi na vitongoji vyake, naandika kama mkunga wa wodi ya wazazi maana malalamiko yamekuwa mengi pande zote mbili. Ndugu wanalalamika mzazi wao karuhusiwa huku bado anaumwa, na sisi tunawapokea kina mama wanaorudishwa siku chache baadae tumbo limebabuka kwa maji ya moto, mshono umelowa na unatoa usaha. Najua hakuna aliyefanya kwa ubaya, bibi na mama mkwe wanamkanda mzazi tumbo kwa maji ya moto wakiamini yanatoa mabonge ya damu, vile walivyofanyiwa wao. Ila wengi wao walijifungua kawaida, na huyu amefanyiwa operesheni.

Kwa hiyo tuelewane hapa kwanza. Maji ya moto tumboni hayatoi mabonge ya damu. Kizazi chenyewe ndo kinajikaza na kusukuma damu nje, na daktari anakisafisha kabla hajashona. Halafu kisu kikipita kwenye ngozi kinakata na vimishipa vya fahamu, sehemu ya chini ya tumbo inabaki na ganzi kwa wiki au hata miezi, sasa mama anaulizwa maji yamezidi moto anajibu hapana, kumbe ngozi inaungua na yeye hasikii. Tunalisema kila siku asubuhi wodini, bado chupa za maji ya kukandia zinaingia zimefichwa chini ya mtori! Utaratibu wetu ni huu: chai, uji, mtori na maji ya kunywa vinaruhusiwa, maji ya kukandia yanabaki kwa mlinzi getini na jina la mwenyewe linaandikwa. Muda wa kuona wagonjwa ni asubuhi, mchana na jioni, na anayebaki kumsaidia mzazi ni ndugu mmoja, sio watatu wanaopokezana kimyakimya.

Mikono ya bibi inahitajika sana, ila iende miguuni na viganjani. Tafiti za nchi kadhaa kwa wazazi wa operesheni zimeonyesha kusugua taratibu miguu na viganja, kama dakika 5 kila mguu na dakika 5 kila kiganja, jumla dakika 20, kunapunguza maumivu. Tumia mafuta ya kawaida ya kupaka, anzia kwenye kidole uende juu, usiminye kwa nguvu. Angalizo moja, kama mguu mmoja umevimba, una joto na unauma kwenye shavu la mguu, usiusugue kabisa, muite sista, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa.

Mshono unauma zaidi siku mbili za kwanza, na unauma zaidi mtu akikohoa, akicheka au akiinuka. Dawa yake hapo ni mto. Ukisikia kikohozi kinakuja kumbatia mto mdogo au khanga iliyokunjwa juu ya mshono, bana kiasi, ndo ukohoe, na ukohoe kweli maana kuzuia kikohozi kunaacha makohozi kifuani. Kuinuka usijivute kwa tumbo kama uliyeshtuka usingizini. Kunja magoti, geuka ubavu mwili wote kwa pamoja, shusha miguu, jisukume kwa mikono, kaa kidogo ukivuta pumzi taratibu puani na kuitoa mdomoni, kisha simama ukiwa na mtu pembeni. Mara ya kwanza usisimame bila sista, ganzi ya sindano ya mgongoni inaweza kuwa haijaisha miguuni.

Na kutembea ni lazima. Nasikia "muacheni apumzike ana kidonda", hapana jamani, ndani ya saa 24 za kwanza tunataka aanze hatua chache hata mpaka mlangoni. Maumivu mengi ya siku ya pili hata sio ya mshono, ni gesi, tumbo linajaa na wengine inawachoma mpaka begani. Kutembea kunaisukuma, na kutafuna bigijii mara tatu kwa siku kunaamsha utumbo mapema, hili limethibitishwa kwa wazazi wa operesheni wala sio maneno ya mtaani. Kwa hiyo tukikuuliza umeshajamba usione aibu, jibu.

Barafu inasaidia pia, iwe ndani ya mfuko usiovuja uliofungwa kwenye kitambaa kikavu, dakika 15 pembeni ya mshono, isiguse ngozi moja kwa moja.

Mkanda wa tumbo au khanga, ndio, inaushika mshono na kupunguza maumivu wakati wa kutembea. Ila vidole viwili vipite chini yake, na uvue ukilala. Kukaza mpaka mama hapumui vizuri ili kitambi kipotee, hiyo ni kumtesa, kitambi hakiondoki hivyo na jasho linalowesha mshono.

Wakati wa kunyonyesha tumbo litakata, hilo ni chango, kizazi kinarudi, na kwa mzao wa pili na kuendelea linauma zaidi. Kojoa kwanza kabla ya kunyonyesha, kisha mlaze mtoto kwapani miguu yake ikielekea nyuma yako, au nyonyesha ukiwa umelala ubavu, asikae juu ya mshono.

Haya yote yanaenda PAMOJA na dawa ulizoandikiwa. Kuna mama anaacha panadol kwa sababu kaambiwa zinakausha maziwa. Hazikaushi! Mama mwenye maumivu makali ndo anashindwa kunyonyesha. Mbege, yaani pombe ya ndizi na ulezi, ya kuongeza maziwa nayo tuiache.

Wauza unga wa kupaka kwenye mshono nao wameongezeka. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala namba 23 ya mwaka 2002 inataka mtoa huduma awe amesajiliwa na Baraza la tiba hizo, na dawa yake isajiliwe pia, kwa hiyo omba vyeti vyote viwili, cha mtu na cha dawa, asiyesajiliwa anatenda kosa na anaweza kushtakiwa. Na hata mwenye vyeti, kwenye mshono mbichi usipake kitu ambacho hujaandikiwa hospitali.

Siku ya 7 njoo kliniki mwenyewe, na kadi yako, kadi ya mtoto na karatasi ya kuruhusiwa yenye tarehe ya operesheni. Kutuma picha ya mshono kwa simu ya ndugu hatupokei.

Usisubiri siku ya 7 kama una homa ya 38 au zaidi, mshono unatoa usaha au umeachia, uchafu unaotoka ukeni una harufu mbaya, pedi inalowa chapa ndani ya saa moja, unapumua kwa shida, macho yanaona ukungu, au kichwa kinauma sana hasa ukikaa na kinapoa ukilala. Njoo hata usiku wa manane, na ukifika mwambie wa kwanza kukupokea kwamba umefanyiwa operesheni na ni lini, usikae kwenye foleni kimya.