Mwalimu, jibu ni ngapi?

Nimeulizwa tena Jumatano, hata byureti (mirija ya kioo yenye mistari ya kupimia na bomba chini) hazijajazwa: "Mwalimu, jibu ni ngapi?" Aliyeuliza ni kijana mzuri, hufika mapema na koti lake la maabara hulipiga pasi. Lakini swali hilo nalisikia kila muhula, na safari hii limenifika kooni. Nalijibu hapa kwa walioanza diploma ya sayansi tumizi mwaka huu, na kwa wazazi wanaodhani kozi hii ni kemia ya sekondari iliyorefushwa.

Najua lilikozaliwa. Katika karatasi ya tatu ya kemia, kidato cha nne, mwalimu wa shule hufanya titresheni yake (kudondosha kimiminika kimoja ndani ya kingine hadi rangi ibadilike, na kusoma kiasi kilichotumika), na mtahiniwa aliyeikaribia thamani hiyo hupata alama ya usahihi. Kwa mtihani wa shule, haya. Ila mtoto hutoka pale akiamini kwamba kila sampuli ina nambari iliyofichwa mahali na kazi yake ni kuipatia. Huku kwetu hakuna aliyeificha. Maji ya Jumatano yalitoka kisimani Kisauni, mwenye nyumba kayaleta mwenyewe kwa dumu la lita 5 kwa sababu wapangaji wanalalamikia ladha ya chumvi. Kiasi cha kloridi, sehemu ya chumvi tunayoipima, kilichokuwamo hata mimi sikukijua. Ndiyo maana tulipima!

Tulitumia njia ya Mohr: mililita 50 za maji, matone ya potasiamu kromati, na silva naitreti ya mola 0.0141 kwenye byureti. Silva huishika kloridi kwanza; kloridi ikishaisha, silva huigeukia kromati na manjano huanza kuingia wekundu wa matofali. Hesabu mnazo. Shikeni tu kwamba kwa vipimo hivyo kila mililita 1 ya silva naitreti ni miligramu 10 za kloridi kwa lita, na kikomo cha maji ya kunywa ni 250.

Meza ya kwanza iliandika mililita za silva naitreti walizotumia mara tatu: 24.50, 24.50, 24.50. Meza ya pili, msichana mmoja aliandika 24.60, 25.10, 24.70, na kando ya ile ya katikati akaongeza kwa mkono wa haraka: "Wingu limefunika jua, rangi sikuiona vizuri, nimepitiliza." Nikauliza darasa kazi ipi ni nzuri. Karibu wote wakanyoosha kidole meza ya kwanza.

Nikaenda kutazama flaski za meza ya kwanza, chupa za kioo ambamo kila kipimo hufanyiwa. Moja ilikuwa na mchanganyiko mwekundu. Mbili zilikuwa kavu.

Sisemi nambari tatu haziwezi kulingana, hutokea. Lakini byureti zetu za daraja B zina mistari kila mililita 0.1, na tarakimu ya pili baada ya nukta unaikadiria kwa jicho. Tone moja ni karibu mililita 0.05. Mkono wa mwanagenzi wa miezi miwili hauwezi kutegemewa kuangukia tone lile lile mara tatu. Nikiona ulinganifu huo nataka kuona flaski.

Sasa, ile 25.10. Je, aihesabu au aiache? Hapa ndipo watu hunikera, maana huja na kanuni moja ya mkato: "Isiyolingana itupe." Hapana! Yeye anaweza kuiacha nje ya wastani kwa sababu alieleza kilichotokea palepale, flaski ikiwa mkononi, kabla hajajua nambari inayofuata itakuwa ngapi. Angemaliza zote tatu, akaona ile imekaa vibaya, ndipo akalikumbuka wingu, huo ungekuwa ushahidi wa kupikwa hata kama wingu lilikuwapo kweli. Nambari ni ile ile, sababu ni ile ile, kilichotofautiana ni saa ya kuandika. Na hata ukiiacha, hufuti. Piga mstari mmoja, isomeke chini yake.

Wastani wake ukawa 24.65. Alitoa 0.25, kiasi kilichotumika kuleta rangi kwenye maji safi ya maabara yasiyo na kloridi, ikabaki 24.40. Yaani 244. Meza ya kwanza walikuja na 245 na hawakutoa chochote, wakashangilia kwamba "wamekaribiana."

Wamekaribiana na nini? Kisima kile kiko mpakani. Macho yakichelewa mililita 0.6 tu, maji yamefika 250. Na niseme ukweli ambao vitabu huupitia juujuu: "rangi inapobadilika" si mahali pamoja. Mwenzangu wa maabara hukata, yaani hufunga bomba la byureti, mapema kuliko mimi, karibu matone manne, na tumebishana miaka bila kuafikiana ni wekundu upi wa kwanza. Tunachoweza ni mtu mmoja kukata sampuli na maji safi kwa jicho lile lile, kisha tofauti ya hizo mbili iondoe sehemu ya kosa. Kwa hiyo mwenye nyumba nilimwambia: "Mzee, leo yako chini ya kikomo, lakini kwa kidogo sana. Tuletee tena kiangazi kikikolea." Nisingeweza kumwambia hivyo kwa daftari la meza ya kwanza.

Ugonjwa huu hauishii kwenye titresheni. Tunapokagua pipeti (mirija ya kunyonyea kiasi maalumu cha kimiminika) za mililita 25 kwa kupima uzito wa maji, maabara ikiwa na nyuzi 30 kama ilivyo Mombasa, mizani husoma karibu gramu 24.87. Pipeti nzima, mkono mzuri, na bado mwanagenzi anaandika 25.00 kwa kuwa alikariri kwamba mililita ya maji ni gramu moja. Maji ya nyuzi 30 yametanuka, mwanangu. Mizani imekwambia jambo la kweli kuhusu chumba ulichosimama, nawe umelifuta.

Wiki ijayo tunarudia na kisima kingine, cha Likoni. Njooni na kalamu ya wino. Penseli ziacheni nyumbani. Nitapita meza kwa meza nikihesabu flaski kabla sijafungua daftari la mtu.