Kwa nini Vitz inayokufa mlimani hufufuka ukirudisha gia?

Aliyewahi kupanda Kitonga kule Iringa na Vitz ya lita moja, watu wanne na mizigo yao ndani, anaijua hali hii. Uko gia ya nne, umekanyaga mafuta hadi chini, na gari linazidi kufa. Unarudisha gia ya tatu, injini inapiga kelele, gari linaamka. Injini ni ileile na petroli ni ileile. Nguvu imetoka wapi?

Tuichukue injini yenyewe, 1KR-FE: silinda tatu, cc 996, iliyobuniwa na Daihatsu na kufungwa kwenye Vitz kuanzia 2005. Kwa vipimo vya Japani inatoa kilowati 52, yaani nguvu za farasi 71, ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika. Torki yake kubwa kabisa ni Nm (nyutoni-mita) 94, na hiyo inapatikana kwenye mizunguko 3,600.

Torki ni msukumo wa kusokota, na Nm 94 si nyingi hata kidogo. Nati za tairi za gari hilohilo hukazwa kwa Nm 103. Fundi tairi akiwa na spana yake anasokota kuishinda injini nzima! Ila yeye anasokota robo mzunguko kisha anashika upya, wakati injini inasokota mizunguko 60 kila sekunde bila kupumzika. Hapo ndipo nguvu inapozaliwa: ni torki ikizidishwa kwa kasi ya kuzunguka.

Sasa rudi mlimani. Gari na watu wake tuseme kilo 1,300, mwinuko wa asilimia 8, mwendo kilomita 60 kwa saa. Kuinua uzito huo peke yake kunadai kilowati 17 hivi. Ongeza upepo, tairi na kinachopotea kwenye gia, unapita 20. Kwenye mizunguko 2,000, hata tukiipa injini torki yake yote ya 94, haifikishi kilowati 20. Ukanyage mafuta utakavyo, haina. Ipandishe hadi 3,600 na inaweza kutoa 35. Gia ndogo haikuongezea nguvu yoyote. Imeiruhusu injini izunguke kwa kasi inayoitoa nguvu iliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Mbona basi torki inashuka baada ya 3,600? Kwa sababu ya pumzi. Kwenye mizunguko 6,000 pistoni ina sekunde moja ya mia mbili tu kuvuta hewa, na silinda haiwahi kujaa. Kwenye mizunguko ya chini kuna kasoro nyingine: valvu ya kuingizia hewa huchelewa kufunga, na pistoni ikianza kupanda inairudisha nje sehemu ya kile ilichovuta. VVT-i, mfumo wa Toyota wa kupanga valvu, hurekebisha wakati wa valvu hiyo na inasaidia sana, lakini haiwezi kuifanya injini ndogo ipumue sawasawa kila mahali. Hata hivyo, kwenye 6,000 torki bado ni kama Nm 83. Imepungua kidogo, kasi imepanda sana, ndiyo maana kilowati zinaendelea kuongezeka.

Madereva wengi wanaogopa ule mlio, wakiamini gia kubwa ndiyo inayoitunza injini. Mlimani ni kinyume. Kuibana kwenye mizunguko ya chini huku umekanyaga mafuta hadi mwisho ndiko kunakoitesa: presha ndani ya silinda ni kubwa, pistoni inakwenda polepole, na mafuta yanaweza kuwaka vibaya mpaka usikie injini ikigongagonga. Mizunguko 4,000 iko mbali na mstari mwekundu wa geji ya mizunguko. Injini isiyo na hitilafu, yenye oili na maji ya kutosha inaistahimili vizuri.

Kuna jambo moja zaidi kwa wanaotoka pwani kwenda bara. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa inakuwa nyepesi. Vitz yenye kilowati 52 Dar es Salaam, ikifika Nairobi kwenye mita 1,700 hivi, inabaki na kama 44. Huko rudisha gia mapema, kabla mwendo haujaanza kuanguka.