Je, wajua kwa nini fimbo ya chuma ya bingwa humtesa anayejifunza gofu?

Mtu anayeanza gofu mjini Dodoma mara nyingi hupata fimbo zake za kwanza kwa kurithi kwa ndugu au kwa kununua mtumba, na kwa kuwa fimbo zote za chuma huandikwa namba zilezile, huamini kwamba namba 7 ni namba 7 tu, aishike mchezaji wa kulipwa au mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Sivyo. Tofauti kubwa iko mgongoni mwa kichwa cha fimbo, nayo ndiyo inayoamua kama kosa dogo la mkono litaufupisha mwendo wa mpira kidogo au litautupa vichakani.

Mpira hugusana na uso wa fimbo kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukipigwa katikati ya uso, huondoka kwa kasi na kunyooka; ukipigwa karibu na ncha au karibu na mpini, kichwa hujizungusha, uso hugeukia upande, na sehemu ya nguvu hupotelea katika mzunguko huo. Fimbo bapa, ambayo kwa kawaida hufuliwa kutoka kipande kimoja cha chuma, imekusanya uzito wake nyuma ya kitovu cha uso, kwa hiyo huzungushwa kwa urahisi. Fimbo yenye mgongo uliochimbwa imehamishiwa chuma chake kwenye kingo, ikawa kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji kwenye ncha za mti begani: ukiisukuma ndoo moja, hageuki upesi. Aliyeieneza sana fikra hiyo ni mhandisi Karsten Solheim, mzaliwa wa Norwe aliyekulia Marekani, ambaye alianzisha kampuni ya PING mwaka 1959. Fimbo za namna hiyo pia huwekewa uzito mwingi chini, karibu na soli, ili mpira upae hata kama mpigaji hana kasi kubwa.

Kwa nini basi bingwa huipenda fimbo bapa? Kwa sababu yeye hupiga katikati karibu kila mara, hivyo hahitaji kulindwa. Anachotaka ni kuhisi mkononi mahali hasa mpira ulipogusa, na kuweza kuupinda kushoto au kulia kwa makusudi. Kwa desturi, mwenye handikapu (makadirio ya mapigo ambayo mchezaji huzidisha juu ya kiwango cha uwanja) ya 20 na kuendelea hushauriwa kushika mgongo uliochimbwa, na fimbo bapa huachiwa wenye handikapu ya tarakimu moja. Mimi naona handikapu peke yake haitoshi. Pakaa uso wa fimbo poda kidogo, piga mipira kumi, ukitazama alama ya kila pigo kabla ya kuifuta na kupaka upya: alama zikitawanyika uso mzima, fimbo bapa bado si yako, hata kama muuzaji ameishusha bei.

Hapa Dodoma kuna jambo ambalo ushauri ulioandikwa kwa viwanja vya Uingereza haulitaji. Soli pana, ambayo fimbo za wanaoanza huwa nayo, hufaa sana kwenye nyasi laini, kwa kuwa huizuia fimbo isichimbe udongo. Lakini kuanzia Mei hadi Novemba ardhi yetu hukauka na kuwa ngumu, na soli pana yenye kitako kilichobinuka sana huruka ikigusa chini, ukingo wake ukaugonga mpira tumboni, nao ukakimbia chinichini bila kupaa. Kwa anayejifunzia huku, ningechagua mgongo uliochimbwa wenye soli ya wastani, kuliko kuchukua soli pana kupita zote.

Kuhusu mpini, wa grafiti ni mwepesi kuliko wa chuma na humfaa mwenye kasi ndogo au viungo vinavyouma. Fimbo ndefu za namba 3 na 4 anayeanza aziache kabisa kwa sasa. Kanuni huruhusu fimbo zisizozidi 14, wala hazimlazimishi mtu kufikisha idadi hiyo.

Anayenunua mtumba achunguze pia mwinamo wa uso. Namba 7 ya zamani ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 34 au 35, ilhali nyingi za sasa zinazotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza zina nyuzi 30 au pungufu, ili mpira uende mbali zaidi. Ukichanganya seti mbili, unaweza kujikuta na fimbo mbili zenye namba tofauti zinazofikisha mpira mahali pamoja. Tena Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huupeleka mpira mbali kwa takriban asilimia 4 kuliko pwani. Kwa hiyo anayepima fimbo zake huku kisha akapanda treni kwenda kucheza Dar es Salaam ajue kwamba pigo la mita 150 litapungukiwa na mita tano au sita, na achukue fimbo yenye mwendo mrefu kidogo.